Sufuria za Mama na Kopo Langu

Jumamosi, 2 Agosti

Huendi. Basi. Mama kasema hivyo huku anapanga sufuria kwenye meza yake ya sokoni, hata kugeuka hakugeuka.

Nikauliza kwa nini. Yaani niliuliza kwa sauti yangu ile, ile ambayo lazima mtu asogee ndipo aisikie. Akasema: si mwalimu wenu anataka kila mtoto aje kambini na sufuria yake ndogo ya kuchemshia maji? Na wewe huna sufuria.

Sina sufuria! Mimi! Nilikuwa nimezungukwa nazo. Zimepangwa kuanzia ile ya kuogeshea mtoto hadi ile ya yai moja, zote mpya, zinang'aa mpaka najiona uso kila upande na pua imevimba kote. Soko zima linamwita Mama Sufuria, wengine hata jina lake hawalijui. Halafu binti yake anakosa kambi kwa kukosa sufuria. Mtu akinisimulia hivi nitasema ananidanganya.

Nikamwonyesha ile ndogo kabisa. Akasema hiyo ni bidhaa. Sufuria ikishapata masizi mara moja si bidhaa tena, ni chombo cha mtu. Na ya nyumbani je? Ipi, akauliza, ile ya kupikia watu wanane? Uifunge mgongoni utembee nayo kama kobe? Hapo wanawake wa meza za jirani wakacheka. Mimi watu wakishacheka, mdomo hujifunga wenyewe.

Kisha akaja dada mmoja anataka mfuniko tu, wa kwake umepotea. Mama akamkatalia kwa tabasamu. "Siuzi mfuniko peke yake, mdogo wangu. Nikikupa wewe mfuniko, hii sufuria nitamuuzia nani? Itakaa hapa mjane." Ndivyo alivyo. Tangu nimepata akili sijamwona akitenganisha sufuria na mfuniko wake. Mwenye soko mwenyewe aliomba, akanyimwa.

Nataka kwenda. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitamaliza sentensi. Redio alikwenda mwaka jana (rafiki yangu; hazimiki, ndiyo maana ya jina). Alinihadithia yote. Alisema kuna mlima wa pili ambao mnapanda saa nzima hakuna anayesema neno, pumzi haitoshi. Akasema hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote.

Mimi nikapatamani palepale. Saa nzima! Na hakuna wa kuniuliza, "Mbona husemi?"


Jumapili, 3 Agosti

Nimeamka na wazo. Mama alisema sina sufuria. Hakusema kingine. Hakusema wewe mdogo, hakusema kuna kazi, hakusema huko kubaya. Alisema sufuria. Basi nikipata sufuria, sababu imekwisha. Hesabu nyepesi hiyo.

Jirani ana mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni kwake nikijipanga mpaka akatoka kumwaga maji akanikuta. "Ehe, binti, umetumwa?" Nikaonyesha kwa kidole: kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, tupu. Akanipa na mfuniko wake wa plastiki. Hakuuliza kitu. Nampenda mtu asiyeuliza.

Kopo lina picha ya mtoto mnene anacheka bila meno. Nimemwita Bonge.

Nyuma ya nyumba kuna jiko la kuni la Bibi, la bati, mdomo mmoja. Bibi ni mama yake Mama. Gesi ameikataa, anasema hawezi kupikia moto asiouona unakotoka. Nikamwambia naazima jiko. Hakusikia. Bibi masikio yamechoka, kila mtu humwambia jambo mara mbili. Mimi hata mara ya nne hanisikii. Nikaonyesha kwa mikono. Akasogea.

Nikajaza maji, nikafunika, nikawasha. Na ule mfuniko wa plastiki, wee! Haukuyeyuka tu, ulilala juu ya maji kama ulimi. Maji nikamwaga. Mjinga mimi. Nani anafunika moto kwa plastiki?

Mara ya pili bila mfuniko. Rangi ya nje ikaanza kuungua. Bonge alianza kuungua macho, kisha mashavu, moshi mweusi, harufu ya tairi. Bibi akaziba pua: "Wewe, unamchoma nani humo?" Lakini maji yakachemka! Yalichemka kweli, mapovu makubwa, kopo linacheza juu ya jiko.

Sasa litoke vipi motoni? Sikuwa nimefikiria. Nimelitoa kwa kitambaa, nimeungua vidole viwili. Naandika na vitatu.

Linahitaji mkono.


Jumatatu, 4 Agosti

Kwa fundi simu baada ya shule. Nilikuwa nimeandika ninachotaka kwenye kiganja ili nisome kama nikikwama. Nikakwama. Akasoma kiganja changu akacheka sana: "Wewe si mtoto wa Mama Sufuria? Na unaniletea kopo?" Nikaangalia viatu vyangu. Lakini alifanya. Alikata vibati viwili, akavilehemu ubavuni mwa kopo, huku na huku, kama masikio. Aliyaweka chini kidogo ya mdomo, maana pale juu kopo limekunjwa na lehemu haishiki vizuri. Nikapitisha waya. Tayari, mkono!

Nyumbani nimejaza maji mpaka juu ya masikio. Yakachemka, nikalinyanyua na kijiti. Halikutikisika. Nimelinyanyua tena na tena kama mwendawazimu. Bibi akapiga makofi.

Mama aliporudi nikalificha nyuma ya kuni. Bado. Nataka kwanza lipite mtihani wa shule.


Jumatano, 6 Agosti

Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Mtihani ulikuwa leo uwanjani. Mwalimu wa kambi, tunamwita Filimbi, maana hulala nayo shingoni. Alitupanga kila mtu peke yake na jiko lake, yale majiko madogo ya bati ya kukunja, ya kambi, na kuni za kuokota wenyewe. Sheria yake moja: maji yakichemka, unaita kwa sauti, "Yamechemka!" Anakuja, anaona, unapita. Akasema hakuna kuinua mkono kama darasani. Huko milimani mtu ukiungua, ukipotea, ukiteleza kwenye korongo, utainua mkono nani akuone? Unaita. Asiyeita simchukui.

Nikajua hapohapo kwamba mtihani si wa maji.

Wengine walikuwa na vyombo vya dukani, vyenye mikono ya kukunja. Mimi nikamtoa Bonge. Lilikuwa limebaki sikio moja la mtoto na tabasamu. Yule mrefu tunayemwita Ngongoti akaona: "Jamani! Anachemsha mtoto!" Uwanja mzima! Hata Redio alicheka, kisha akaomba msamaha kwa macho.

Lakini moto niliuwasha wa kwanza. Kwa Bibi nimejifunza: vijiti vyembamba kwanza, nafasi ya hewa chini, usirundike. Na maji yangu yakachemka ya kwanza! Ya kwanza kabisa, kabla ya vyombo vya dukani!

Na sikuita.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo. Kwa lugha ya nyumbani lilikuwepo, kwa lugha ya shule nalo likaja, yakakutana kooni yakazibana kama watu wawili mlangoni. Nina lugha mbili na sauti sina hata moja. Nikainua mkono. Moshi ulikuwa mwingi, Filimbi yuko upande wa pili anamkemea mtu. Nikaendelea kuinua. Huku naongeza kuni, naogopa yasije yakaacha kuchemka kabla hajanitazama. Naongeza, nainua. Naongeza, nainua. Wenzangu wanaita, "Yamechemka! Yamechemka!" anakwenda kwao, wanapita, wanakaa kivulini.

Mwisho akanigeukia. "Na wewe huko?" Nikashika mkono wa kopo nimwonyeshe. Masikio yakachomoka. Yote mawili, laini, kama yamebandikwa kwa siagi. Kopo likaanguka upande, maji yote motoni, pshaaa! Mvuke usoni, majivu mpaka kwenye nywele.

Ngongoti akadakia: "Mtoto amekojoa."

Filimbi alisema pole, akasema mtihani wa marudio Jumanne kwa walioshindwa. Tulioshindwa ni mimi. Kisha akaongeza kwa wote: mzazi asiyetaka mtoto wake aende, sitaki ujumbe wala karatasi, siku ya safari aje getini aniambie mwenyewe.

Nimetembea mpaka nyumbani na kopo kwenye mfuko. Sikulia njiani. Nimelia sasa, kidogo, na nimemaliza.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimejua kwa nini.

Nimekaa na kopo mapajani shuleni mapumziko yote. Nyumbani lehemu ilishika, uwanjani ikaachia. Lehemu ileile! Moto hauna tofauti. Tofauti ni nini?

Maji! Nyumbani kopo lilikuwa limejaa, maji yako juu ya masikio, nikalitoa mara tu lilipochemka. Uwanjani yalichemka, yakachemka, yakapungua, yakashuka chini ya masikio. Penye maji, bati haliwezi kupata joto zaidi ya maji yenyewe. Pasipo na maji, bati ni bati tu, na moto unalipanda ubavuni, na lehemu inayeyuka.

Mwalimu wa sayansi alilisema hili mwaka jana kwa lugha ya shule. Nikalinakili, nikapata alama zote, sikulielewa. Leo nimelielewa kwa lugha ya nyumbani.

Maana yake sasa! Kama ningeita, angekuja mapema. Angekuja mapema, maji yangekuwa bado juu. Lehemu ingeshika. Kwa hiyo fundi hana kosa na Bonge hana kosa. Aliyeyeyusha masikio ni mimi, kwa kunyamaza.

Vizuri. Basi nitatengeneza kopo lisilohitaji sauti yangu. Bila lehemu. Linaloweza kusubiri mpaka Filimbi achoke kuzunguka. Acha waone.


Ijumaa, 8 Agosti

Spoku! Ya baiskeli! Nimeipata kwa fundi baiskeli, iliyopinda. Leo nimeomba kwa maneno matatu kamili: "Naomba spoku mbovu." Akanipa mbili.

Nitatoboa matundu mawili pale juu kabisa, chini ya ule ukingo uliokunjwa, ambako maji hayafiki hata nikijaza. Mkono wa chuma kwenye tundu, umejikunja wenyewe. Hapo hakuna cha kuyeyuka.

Ukitoboa kopo tupu linabonyea. Nimejaribu kwenye kopo jingine la taka, likawa kama limepigwa teke. Dawa yake: ingiza gogo ndani linalokaza, piga msumari juu ya gogo. Tundu safi.

Mfuniko bado. Nimekunja foili mara mbili. Inakaa mpaka upepo ukiamka, kisha inaruka kama kuku. Bila mfuniko maji yanachelewa na majivu yanaingia.


Jumamosi, 9 Agosti

Leo mambo yameharibika. Au yametengenezeka, sijui.

Niko mezani na Mama, kama Jumamosi zote. Wateja hakuna. Nikamtoa Bonge chini ya meza nikaanza kukunja spoku kwa koleo. Spoku ni kaidi, ukiipinda inataka kurudi. Nilikuwa nimezama kabisa, ulimi nje. Sikusikia mteja.

Mama mmoja mnene, mwenye kikapu. Akainama, akaona, akapiga kelele ya kicheko: "Hee, Mama Sufuria! Mwanao anapikia kopo? Mbona unatuuzia sisi vitu ambavyo mwanao havitaki?" Akaita wenzake waone. Wakaja. Wakaona. Kopo jeusi, tabasamu la Bonge lililobaki, na mimi.

Mteja akaondoka bila kununua. Mama alisubiri apotee kabisa. Kisha akaniambia polepole, na polepole yake ndiyo mbaya: unanitangazia nini hapa? Kwamba sufuria zangu hazifai? Mtu akikuona barabarani na hilo dude atasema zinatoboka mpaka mwanangu kahamia kwenye makopo.

Nikasema, "Ulisema sina sufuria."

"Nini?"

Hakuwa amesikia. Nikarudia. Nimerudia, mimi! "Ulisema siendi kwa kuwa sina sufuria. Sasa ninayo."

"Hii ni sufuria?"

"Inachemsha."

Akanitazama. Wanawake wa meza za jirani wakajifanya wanapanga vitu vyao, vitu vilivyokuwa vimepangwa tangu asubuhi. Mama akasema, "Huendi." Mara hii bila sababu. Nikauliza tena, sababu ni nini basi, si sufuria nimepata? Akachukua kitambaa akaanza kufuta sufuria safi.

Nimemaliza kukunja spoku palepale mezani, mbele ya watu. Sikulirudisha chini ya meza. Nimeliweka juu, katikati ya zile zinazong'aa. Likakaa.

Hakulitoa. Hakuniongelesha tena mpaka jioni.


Jumapili, 10 Agosti

Nimesikia nisichotakiwa kusikia. Lakini si kosa langu, mtaa mzima umesikia.

Mchana Mama alikwenda nyuma kwa Bibi kumpa siri. Siri, na Bibi masikio yale! Nilikuwa chumbani nasugua kopo.

Bibi kamuuliza mbona unamzuia mtoto. Mama akasema kitu chini chini. Bibi: "Sikusikii." Mama akapandisha. Bibi: "Ongea, we mtoto, mbona unanong'ona kama binti yako?" Hapo Mama akapiga kelele: "NASEMA, AKIPOTEA HUKO ATAITA NANI? HANA SAUTI! ATAKAA CHINI YA MTI ANAINUA MKONO MPAKA AFE!"

Jirani akazima redio yake ili asikie vizuri.

Mama akaendelea, ameshachoka kushusha sauti: mwaka ule alipofungiwa kwenye stoo ya soko, watu wanapita mlangoni, hakubisha, hakuita, amekaa tu kwenye magunia mpaka stoo ikafunguliwa kesho yake asubuhi. Mimi nazunguka soko zima naita, na yeye ananisikia! Alinisikia, mama! Akaniambia mwenyewe alinisikia!

Bibi akasema, sasa ukimfungia wewe nyumbani, tofauti yake na stoo ni nini?

Nilikuwa na miaka saba. Nilimsikia, ndiyo. Sauti yake ilikuwa kubwa sana nikaona nikijibu itavunjika. Sijui hata naeleza nini. Watu huuliza kwa nini kama vile kuna sababu nimeificha mahali.

Kwa hiyo ilikuwa si sufuria. Haikuwa sufuria hata mara moja.

Nimejaribu kumkasirikia zaidi, nimeshindwa. Nimejaribu kukasirika kidogo, nimeweza. Anadhani mimi ni yule wa kwenye magunia. Mimi ni huyu. Nimetoboa bati kwa msumari. Naenda.


Jumanne, 12 Agosti

Nimepita!!!

Uwanja mzima, jiko moja, mimi na Filimbi. Na watazamaji, bila shaka. Ngongoti alikuja na viazi vyake vya kutafuna kama yuko sinema. Redio alikaa karibu yangu akijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, aliahidi hatasema, mashavu yamevimba kwa kujizuia.

Filimbi akaenda makusudi kukaa mbali, kwenye ngazi za darasa. Akanipa mgongo. Akasema, ukiwa tayari nitasikia.

Nimewasha. Upepo mbaya, foili iliruka mara ya kwanza tu, ikamwendea Ngongoti usoni (afadhali). Bila mfuniko maji yanachelewa, majivu yanadondoka ndani. Nikaziba upepo kwa mgongo wangu. Yakaanza kuimba. Kisha mapovu madogo pembeni. Kisha yakachemka kweli.

Nikafungua mdomo. Palepale. Mlangoni watu wawili, wamebanana.

Nikafikiria stoo. Nikafikiria, ah, hapana. Si leo.

Nikachukua kijiti, nikakipitisha chini ya spoku, nikanyanyua. Likanyanyuka! Kopo limejaa, linatokota, mvuke unanipiga mkono. Nikatembea nalo. Uwanja wote, polepole, maji yanaruka ukingoni, watu wanakaa pembeni wanipishe. Nikafika kwenye ngazi nikaliweka mbele ya viatu vya Filimbi. Lilikuwa bado linatoa povu.

Akageuka. Akalitazama kopo. Akanitazama. Akasema, "Nilisema uite."

Nikasema, "Nimekuja mwenyewe."

Nani alisema hivyo? Mimi!

Redio alipasuka: "MWALIMU YAMECHEMKA NIMEYAONA TANGU KULE!" Filimbi akapuliza filimbi kumnyamazisha. Kisha akachuchumaa akagonga spoku kwa kucha, akalitikisa kopo. Akauliza nani katengeneza. Nikajigusa kifua. Akasema kopo limepita. Akasema maji yana majivu, tafuta mfuniko. Na kuhusu wewe, akasema, njia ni ndefu, tutaona.

Sawa. Tuone.

Ngongoti alinifuata getini akaniuliza, spoku ni ya baiskeli gani? Mkono wa chombo chake cha dukani umelegea. Nikamwambia aende kwa fundi baiskeli aseme maneno matatu.


Alhamisi, 14 Agosti

Mama hanisemeshi ila kwa kazi. Lete maji. Funga mlango. Nami nafanya. Jana usemi wangu mzima kwake ni "Nimepita." Akasema, "Nimesikia." Soko lina masikio, mtu kamwambia. Hakusema huendi. Hakusema nenda.

Jambo la ajabu: asubuhi kopo halikuwa mahali pake. Naliweka juu ya kuni, leo lilikuwa kwenye ngazi ya mlango. Na kwenye masizi kuna alama za vidole. Kidole gumba upande huu wa mdomo, kidole cha mwisho upande ule, kama mtu aliyenyoosha kiganja juu yake.

Nikamuuliza Bibi. Akasema hakusikia. Nikaonyesha kopo. Akasema haoni pia siku hizi.

Bibi anaona uzi ukidondoka.

Foili imechanika. Nitafunika kwa kipande cha bati, kina ncha kali, kinakata vidole. Si kitu.


Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimekaa juu ya begi, getini kwa shule. Gari halijafika. Filimbi anahesabu watu, anakosea, anaanza upya.

Mama aliondoka kabla sijaamka. Meza yake haisubiri. Nimejifungia begi mwenyewe. Bibi kanipa kiberiti chake, kile anachokificha kila mtu asikiguse, amekifunga kwenye nailoni kisilowe. Akanishika kidevu akasema kitu kwa sauti ndogo, ndogo sana. Mara hii ni mimi sikusikia.

Kopo nimelining'iniza nje ya begi. Ningeweza kulificha ndani. Nimelining'iniza nje. Nimepita nalo katikati ya soko, njia ni hiyo. Lilikuwa linagonga, ko, ko, ko. Yule mama wa kikapu aliniona akafungua mdomo. Nikamtazama mpaka akaufunga. Meza ya Mama ilikuwa na watu. Sikumwona. Au nilipita haraka.

Redio anaongea tangu nimefika. Ngongoti ana spoku.

Gari limeonekana kule mwisho wa barabara.

Ngoja.

Mama. Ni Mama yule, ng'ambo ya barabara! Kitenge cha sokoni, anahema, ameacha meza. Meza hajawahi kuiacha, hata alipoumwa. Amebeba kitu kimefungwa kwenye gazeti, amekikumbatia kifuani. Filimbi naye amemwona, ametoa filimbi mdomoni, anangoja. Mzazi asiyetaka aje mwenyewe. Ndiyo huyo amekuja. Ngongoti kasema, "Umekwisha."

Kama kaja kusema siendi, jibu nimelipanga, kwa lugha zote mbili. Na kama kaniletea sufuria siichukui. Ninayo.

Malori yanapita, hawezi kuvuka. Anatutafuta na macho. Sare zetu zote ni moja, kofia zote ni moja, anapita juu yangu na hanioni. Anatazama gari linavyokuja. Anatazama nyuma, sokoni. Anageuka kama mtu anayekata tamaa—

Nimeita.

Kalamu imeanguka, nimeiokota. Nimeita. "MAMA!" Imetoka yote, sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote hizi. Ndege wametoka kwenye paa la darasa. Redio amenyamaza. Redio! Filimbi amegeuka, hamtazami Mama tena, ananitazama mimi.

Mama amesimama kwenye ukingo wa barabara. Ameganda, mguu mmoja umeshashuka. Hajacheka, hajakasirika. Ananitazama kama amefunguliwa mlango na mtu ambaye hakumtarajia.

Sasa anavuka. Mkono ameuinua, magari yanasimama. Upepo umefunua gazeti upande mmoja. Si sufuria. Sufuria haiwi bapa vile. Kinang'aa, ni kipya, mviringo, kina kishikio kidogo katikati, na—